Mama Sikio na Maharage ya Mzee

Naweka dau kiti changu cha kuzunguka, kile chenye ngozi nyekundu ambacho wateja hukigombania, kwamba hakuna hata mmoja wenu atakayeamini haya. Na msipoamini, kiti bado kinabaki kwangu, kwa hiyo sina hasara. Ila nasema hivi: yupo mwanamke anayejua kwamba chakula chako kimeiva, au kinakaribia kuungua, bila kukiona, bila kukinusa, na bila kukanyaga jikoni kwako. Anasikiliza tu. Kwenye simu.

Ni fundi wa vyerehani. Kibanda chake kimebanwa kati ya duka la dawa na mshona viatu, chembamba kiasi kwamba mteja mnene anaingia ubavu. Ukutani imetundikwa mikanda ya ngozi, mezani kuna makopo ya bobini za uzi na sindano, na kila kitu humo kinanuka mafuta ya cherehani, chai yake ikiwemo. Unaweza kumkuta kainamia gurudumu, mgongo kaupa mlango, akasema bila kugeuka, "Karibu, hiyo uliyobeba mkanda umelegea." Wewe unashangaa, kumbe mashine ilikuwa inagongagonga mkononi mwako tangu njiani.

Hakusomea. Alipokuwa msichana alikuwa mfagiaji wa kiwanda cha mashati, vyerehani sitini ndani ya ukumbi mmoja, kelele mpaka mtu anasahau jina lake. Yeye anafagia vipande vya kitambaa, akifika nyuma ya cherehani fulani anasimama na ufagio wake. "Hii inaumwa." Washonaji wanacheka mpaka wanakosa mshono. Kesho yake cherehani imekata roho. Ikatokea mara ya pili, ya tatu, ya nne, hadi msimamizi akamnyang'anya ufagio akampa bisibisi. Mpaka leo hajairudisha.

Sasa simu yake. Ilitumbukia kwenye beseni la mafuta ya taa anamooshea vyuma. Ikatoka hai, ila tangu siku hiyo picha hazifunguki. Anaona kijivu tu kinazunguka, kinazunguka, basi. Meseji anasoma, sauti anasikia. Mumewe akimwambia anunue nyingine anajibu, "Inaongea, inasikia. Wewe una macho mazuri na bado hunisikii."

Na huyu mama yumo kwenye kundi letu la mtandaoni, Jiko la Leo. Usidhani ni kundi la wapishi wa hoteli. Ni watu wa majumbani, kila mmoja na sufuria yake na shida zake. Asubuhi mtu anauliza harufu ya samaki inatokaje mikononi. Mchana mwingine anaandika, "Mume wangu kasema supu yangu inafanana na ya mama yake, nifurahi au nilie?" Watu ishirini na wanane wanajibu, na hakuna majibu mawili yanayofanana.

Siku fundi huyu alipoandika humo mara ya kwanza, Mwalimu alikuwa kachanganyikiwa. Mwalimu ni dada anayefundisha hesabu, na anapika hivyo hivyo. Ukimwambia chumvi kidogo anakuuliza kidogo ni gramu ngapi. Alituma picha ya sufuria: "Wali umeiva au bado? Nikifunua mvuke unanikimbia!"

Fundi akaandika: "Kwangu picha haifunguki. Sogeza simu kwenye mfuniko, urekodi."

Mwalimu akarekodi. Sekunde kumi na moja.

"Maji yamekwisha. Hiyo tiki-tiki ni wali unashika chini. Ipua sasa hivi."

Akaipua. Punje zimesimama moja moja, na chini ukoko mwembamba wa rangi ya asali. Wiki haikuisha, hakuna tena aliyetuma picha. Zikawa sauti tu: mafuta yanachacharika, uji unapiga mapovu, mayai yanagongana ndani ya maji. Akaitwa Mama Sikio, na jina likamganda.

Kundini kuna mtu mmoja, Kinyozi, mdomo mrefu kuliko foleni ya wateja wake. Huyo hajawahi kukubali kwamba kuna binadamu anayemzidi kitu. Akawasha mashine yake ya kunyolea, akairekodi, akatuma: "Dada, eti maharage yangu yameiva?"

Jibu likaja: "Hayo maharage yametiwa mafuta lini mara ya mwisho? Na jino moja limekatika. Huyo uliyemkalisha hapo anavuta pumzi kwa meno, anaumia, muonee huruma."

Jamaa kwenye kiti alikuwa anaumia kweli. Watu walicheka siku mbili. Kinyozi akasema alikuwa anampa mtihani tu, na amefaulu.

Tena niwape siri. Mama Sikio mwenyewe anapika kawaida kabisa. Chakula chake kinalika, hakuna zaidi. Mumewe anasema, "Huyu anasikia sufuria za mji mzima. Ya kwake inaungua akisikiliza za watu."

Basi Jumamosi moja akaandika Msoma Mita. Huyo ni kijana wa idara ya maji, anapita nyumba kwa nyumba kusoma mita, na mbwa wa kila mtaa wanamfahamu. Si mtu wa maneno mengi. Aliandika mstari mmoja: "Jamani nisaidieni, mzee wangu hali chakula."

Watu wakamvuta maneno mpaka habari ikatoka yote. Mama yake alikuwa amesafiri wiki mbili zilizopita kwenda kwa dada yake Msoma Mita, aliyejifungua kwa operesheni. Dada haruhusiwi kuinua hata birika, na huko hana mtu mwingine. Nyumbani wamebaki wanaume wawili: kijana na baba yake, mzee aliyestaafu kiwanda cha uchapaji. Mzee ana vidonge vya presha na vya sukari, na havimezwi tumbo likiwa tupu. Kila Alhamisi anapimwa uzito zahanati. Alhamisi ya kwanza kashuka kilo mbili. Ya pili kashuka nyingine moja na nusu. Nesi akamwambia kijana, "Akishuka tena wiki ijayo, nampigia mama yako mimi mwenyewe."

Na mama akipigiwa, anaacha kila kitu, anarudi. Halafu yule dada na kichanga chake nani awashike?

Mzee naye alikuwa ameshatoa tamko: "Mkimwambia mama yenu, siongei na mtu ndani ya nyumba hii."

"Napika yale yale," kijana aliandika. "Wali na maharage, mama aliniandikia kwenye karatasi. Anakula vijiko vitatu anasukuma sahani. Nikimuuliza kuna kasoro gani, anasema hakuna kasoro, ahsante sana mwanangu."

Kundi likawaka. Mwalimu akataka vipimo vya kila kitu pamoja na upana wa sufuria. Wengine wakasema nazi, wengine wakasema acha nazi. Kinyozi akawanyamazisha wote: "Kitunguu! Unakitia mafuta yakiwa yamechemka mno, kinaungua nje ndani kibichi. Maharage nimekula ya kila namna, hapa sibishani na mtu. Ni kitunguu!"

Jumapili kijana akakaanga kitunguu kwa moto wa pole. Vijiko vitatu. Jumatatu akakipunguza. Vijiko vinne, na cha nne kilikuwa cha huruma.

Mama Sikio siku zote hizo hakuandika kitu. Alikuwa amekwama kwenye yale maneno mawili, ahsante sana. Aliyasoma kibandani, akayasoma tena akiwa njiani kurudi nyumbani. Mwanaume gani anamshukuru mwanawe hivyo kwa maharage, nyumbani kwake mwenyewe? Wa kwake, akipenda chakula, analalamika.

Jumatatu hiyo hiyo akaandika: "Mwanangu, kesho ukipika nirekodie yote, tangu unaingia jikoni. Na kama una sauti yoyote ya mama yako akiwa anapika, hata ya zamani, nitumie."

Jumanne jioni zikaja sauti mbili. Mama Sikio alikuwa jikoni kwake, kakaa kwenye kigoda, maharage yake motoni. Akaanza na ya kijana. Hatua. Mlango unafungwa, kacha. Kitunguu kinalia taratibu, hakina kosa lolote. Maji, mfuniko, kijiko. Mtu mmoja, chumba kimefungwa, kimya kama stoo.

Ya mama ilikuwa ya dakika moja na sekunde nane, ya miezi mingi nyuma. Mama anamwambia kijana asisahau sabuni akirudi kazini. Ni hilo tu, na kijana alikuwa ameisikia mara nyingi, hajaona cha ajabu. Mama Sikio akaziacha habari za sabuni zipite juu, akashuka chini yake, kama anavyoshuka chini ya kelele za vyerehani sitini. Kijiko kinakoroga. Kandambili zinaburuzwa, zinakuja. Mtu anafyonza kitu cha moto, fyuu. Mguno. Kijiko kinatupwa kwenye kikombe cha bati. Kandambili zinaondoka. Mfuniko. Sabuni ya kipande, siyo ya unga, mama anasisitiza. Kandambili hizo zinarudi tena. Fyuu. Mguno wa pili, mrefu zaidi.

Akairudia mara sita.

"Mama watoto," mumewe akasema mlangoni, "maharage ya nani hayo yanayoungua?"

"Nyamaza kwanza."

"Ni ya kwetu."

"Najua ni ya kwetu! Ipua basi, una mikono!"

Aliogopa, msione hivi. Cherehani ukiikosea unaifungua tena, hakuna aliyekufa. Hii Alhamisi ilikuwa kesho kutwa. Akampigia kijana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mlango wa jikoni unaufunga wa nini?"

"Moshi, mama. Mzee ana kikohozi."

"Na yeye anakuwa wapi?"

"Sebuleni. Nimemwekea kiti kizuri na mto. Nimemwambia asiinuke, kila kitu nitamletea."

"Anayeonja nani?"

"Mimi."

"Mama yako akipika, anayeonja nani?"

Kijana saa za kupika huwa kazini, anapigana na mbwa wa watu. Hajui.

"Ni baba yako," Mama Sikio akasema. "Kwenye dakika moja kaja mara mbili. Mpaka chakula kinaiva huyo ameshamaliza nusu bakuli kwa kuonja, na kagombana vya kutosha. Wewe umemkalisha kwenye mto, unamletea sahani na kitambaa. Umemfanya mgeni, mwanangu. Mgeni gani anamaliza sahani?"

"Sasa nifanyeje?"

"Kesho fungua mlango na dirisha, moshi utoke. Usitie chumvi. Kile kiasi walichomruhusu zahanati kiweke kwenye kifuniko cha chupa, pembeni. Halafu umuite. Usimbembeleze, muite tu, kama una shida."

"Akikataa?"

"Basi mimi nitakuwa nimekosea," akasema, na simu ilivyokatika akabaki ameishika kifuani.

Jumatano alikuwa kibandani, kafungua cherehani ya mteja vipande vipande, na kwa mara ya kwanza hakukumbuka kipande gani kinatangulia. Saa kumi na moja na nusu simu ikalia. Sauti. Akamwambia mteja, "Subiri, kuna mgonjwa." Akaweka sikio.

Kandambili.

"Unaniitia nini?" Sauti ya mzee.

"Baba, sijui kama imekolea."

Fyuu.

"Hii ni nini? Haya ni maji ya kuoshea vyombo! Hivi wewe umelelewa wapi?"

"Hapa hapa, baba."

"Toka. Lete hiyo chumvi. Na nani kakufundisha kukoroga hivyo, unakoroga rangi ya ukuta? Shusha moto! Sogea!" Fyuu. "Mm." Kijiko kwenye kikombe. Fyuu. "Mama yako hakati nyanya kubwa hivi, hizi ni matofali." Fyuu, fyuu. Halafu kigoda kinaburuzwa sakafuni, mtu anakaa kwa kishindo, na muda mrefu husikii neno, unasikia kijiko tu kinakwangua bati.

Mama Sikio akaisikiliza yote mpaka mwisho. Yule mteja akamuuliza mgonjwa anaendeleaje. "Anatukana," akasema, akicheka na machozi yanamtoka. "Anatukana vizuri sana."

Kijana akaitupa ile sauti kundini. Watu walivyopokea matusi ya yule mzee, ungedhani ni salamu za sikukuu. Mwalimu aliyahesabu: kumi na moja, na mawili hajawahi kuyasikia.

Alhamisi mzee akapanda mzani. Hakuongezeka sana, robo kilo, lakini hakushuka. Nesi akaandika kwenye kadi, akaweka kalamu chini, na simu hakuigusa. Jioni mama mwenyewe ndiye aliyepiga kutoka kwa binti yake, mtoto analia nyuma yake.

"Baba yako anakula?"

"Ananigombeza tangu jana, mama. Eti nakata matofali."

"Haya, basi anakula," mama akasema, akauliza kama sabuni ipo. Alikaa kule mwezi mzima mwingine, mpaka binti akaweza kuinua birika na mtoto kwa pamoja.

Mama Sikio bado yupo kibandani kwake na simu yake isiyofungua picha. Ukimsifia anakwambia yeye hakufanya kitu, ila alisikia kandambili. Ukimuomba akukaribishe chakula, nenda umeshakula kidogo.

Na yule Kinyozi ni mimi. Nilisema ni kitunguu. Hakikuwa kitunguu.