Siku Shemeji Alipotembea kwa Niaba Yangu

Mpaka leo nikipita mbele ya duka la Mzee Nandonde nashusha kofia usoni, maana aibu iliyonikuta pale kibarazani nikiikumbuka najikuna kichwa peke yangu, lakini nyie ni watu wangu, acha niseme.

Mnajua mguu wangu wa kushoto ulikatwa chini ya goti, baada ya magunia ya korosho kuniangukia kutoka kwenye lori. Mjini Mtwara nikatengenezewa wa bandia na dada mmoja aitwaye Neema, mtu wa Mbeya (nilikuwa namwita daktari ingawa mwenyewe alikataa), fundi ambaye sijaona mfano wake. Kwa kuwa kutoka kwetu huku karibu na mto Ruvuma hadi mjini ni shughuli ya siku nzima wakati wa masika, akapanga awe ananipigia kila Ijumaa kwenye simu ya Mzee Nandonde, ndiyo simu pekee tuliyokuwa nayo kijijini miaka ile, ananiambia niiweke chini kwenye saruji nitembee, yeye anasikiliza. Yule dada alikuwa anausikia mguu kama fundi baiskeli anavyousikia mnyororo: mara ataniambia nimeegemea kulia, mara hatua ni fupi, na hakukosea hata mara moja.

Basi mwezi wa tatu mguu ukaanza kuniuma, nikautundika ukutani, nikarudia magongo, na sikumwambia, kwa sababu kuna mtu alishanitia hofu kwamba asiyeutumia ananyang'anywa, anapewa mtu mwingine. Ijumaa ikafika. Nikamwomba shemeji yangu Hamisi, mwenye miguu yake miwili mizima, avae viatu atembee yeye, mimi nikae karibu na simu nijibu, naye akakubali (huyo hajawahi kukataa upuuzi).

Mzee Nandonde, kama kawaida yake, akaweka spika ili wateja wote wasikie. Hamisi akatembea. Daktari akasifu, akasema hajasikia hatua zilizonyooka hivyo, nami nikavimba kichwa kana kwamba miguu ni yangu. Kisha akataka nitembee tena huku nahesabu kwa sauti, asikie pumzi. Hilo hatukulipanga. Nikaanza kuhesabu palepale nilipokaa, Hamisi akaenda zake hadi mwisho wa kibaraza.

"Mzee Saidi," daktari akasema kwenye spika, "mbona miguu imeondoka na sauti imebaki?"

Badala ya kukiri, nikanyanyuka na magongo kumkimbilia Hamisi, bado nahesabu, Hamisi naye akageuka kunirudia, tukagongana, tukaangukia beseni la maandazi la Mama Zuhura, aliyekuwa anauza palepale kibarazani. Kumi na nne niliitamka nikiwa chali.

Daktari akauliza nani ameanguka. Watu wameshika mbavu; Mama Zuhura ndiye aliyeinama kwenye simu.

"Wameanguka wote wawili," akasema, "pamoja na maandazi yangu."

Nikachukua simu nikasema ukweli wote, mpaka hilo la kunyang'anywa. Hakucheka wala hakunifokea.

"Mguu ule nimeutengeneza kwa kipimo chako," akasema. "Hakuna mwingine duniani unayemfaa. Sasa niambie unauma wapi."

Hamisi akatumwa kuuleta. Daktari akamwelekeza Mzee Nandonde akikague kigutu changu, abonyeze hapa na hapa, aseme ngozi ina rangi gani, kama kuna kidonda; kumbe nyama zilikuwa zimepungua na mguu unapwaya, akaniambia nivae soksi ya pili kwenye kigutu, juu ya ile niliyozoea kuvaa. Nikavaa, nikasimama, nikatembea kibaraza kizima nikihesabu, hatua moja nzito, moja nyepesi, na wale waliokuwa wanacheka wakanyamaza kusikiliza. Kwenye simu naye alikuwa anahesabu pamoja nami, kwa sauti ya chini.

Msimu ule niliokota korosho zangu mwenyewe. Na nimeapa: mtu akinijali kiasi cha kuzisikiliza nyayo zangu akiwa mbali vile, simpelekei nyayo za mtu mwingine. Ukiuma, nasema unauma. Hamisi naye simshirikishi tena kwenye jambo la kuhitaji akili, ingawa anadai mpaka leo kwamba yeye alitembea vizuri, mimi ndiye niliyehesabu vibaya.