Neno Nililoongeza

Mkalimani wa mahubiri hasemi "anasema". Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa miaka kumi na tisa iliyopita, siku niliyopewa kipaza sauti katika kanisa letu la mtaa wa Bwiza. Mchungaji akisema kwa Kirundi "mimi nilikuwa mlevi", na wewe unasema kwa Kiswahili "mimi nilikuwa mlevi", basi. Nimekuwa mlevi, nimekuwa mwanajeshi aliyeokoka, nimekuwa na mke mpole anayenivumilia, na hakuna aliyecheka. Kuhubiri, mwanamke kwetu haruhusiwi. Lakini kila Jumapili mahubiri yote yamepita kinywani mwangu, nikiwa nimesimama ngazi moja chini ya mimbari ili isije ikaonekana kwamba nahubiri. Ukiniuliza kama hilo liliniudhi, ndiyo, liliniudhi miaka yote kumi na tisa, nami nikawa nalimeza.

Mwaka jana, Jumapili ya akina mama, lilinishinda kulimeza. Mchungaji wetu mpya, kijana mwenye suti nzuri na sauti ya kuamrisha, aliwasimamisha wanawake wote waliozaa wapigiwe makofi. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, ndiyo kazi yangu, nikaona watu wa mbele wanatazama pembeni wasikutane na macho yangu, maana kila mtu anajua nyumbani kwangu hakuna mtoto. Kisha akanigeukia kidogo, kama anayehakikisha kipande hiki nimekipata sawasawa, akatamka kwamba mwanamke asiyejua uchungu wa kuzaa hawezi kuujua upendo wa Mungu.

Upande wa kushoto kuna benchi la Kiswahili, la akina mama watu wazima wa Bwiza na Buyenzi ambao Kirundi cha mimbarani kinawapita. Walikuwa wananingoja.

"Anasema," nikasema, "anasema mwanamke asiyejua uchungu wa kuzaa hawezi kuujua upendo wa Mungu."

Neno moja tu niliongeza. Benchi zima likainua vichwa. Mchungaji anakijua Kiswahili vizuri, ila anakiona lugha ya sokoni. Alinikata jicho, akaendelea. Na mimi nikaendelea: anasema hivi, anasema vile, mpaka amina.

Mdogo wangu anasali mtaa wa Mutakura, katika kanisa jipya. Habari zilimfikia kabla sijafika nyumbani, na nilimkuta mlangoni ameshika kiuno.

"Yaya, dada yangu, we unangoja nini mule? Mutu anakutukana, tena kwa kinywa yako mwenyewe! Kuja kwetu. Kwetu mwanamuke anahubiri, hakuna mwenye kumukataza."

Nilimwambia nitafikiri, na sikuwa namdanganya.

Jumatano nikaitwa na wazee wa kanisa. Walikuwa watatu, na mchungaji wa nne.

"Mama, ile neno 'anasema' ulitoa wapi?" akauliza mwenye kuongoza kikao. "Ni kuongeza kwa Neno ya Mungu, ile."

"Apana. Yeye ndiye alisema. Mi nilisema tu kama ni yeye alisema."

"Utaomba musamaha mbele ya kanisa," mchungaji akadakia, huku anatabasamu. "Na kama hapa iko inakuumiza, mama, makanisa iko mingi mu muji."

Nikamtazama mzee mkubwa kuliko wote. Yeye alijua. Miaka ishirini na mitatu iliyopita nilizaa mtoto wa kiume ambaye hakulia. Wakwe zangu walisema mtoto wa namna hiyo hana msiba, azikwe kimya kimya, nami niache kujiliza. Waliokuja ni wanawake wanne wa kanisa letu, mke wa mzee huyu akiwa mmoja wao. Walimwogesha mwanangu, wakamfunga kwenye kitenge kipya, wakamwimbia wimbo mzima, beti zote, kama anavyoimbiwa mtu mzima. Mzee mwenyewe ndiye aliyeshika jembe akachimba kaburi.

Nilimngoja aseme jambo moja tu: huyu mama amezaa. Akatazama viatu vyake. Hasira niliyo nayo kwa mchungaji ni ya mtu mgeni, inakuja na kuondoka. Ile ya yule mzee ninayo mpaka leo, na akinisalimia naitika kwa midomo tu.

Mimi mwenyewe sikusema. Sikutaka mwanangu awe hoja ya kikao.

Basi Jumapili iliyofuata nikaenda Mutakura. Nilikwenda kwa nia ya kuhama, sifichi. Mhubiri alikuwa mwanamke wa rika langu, amesimama juu kabisa kwenye mimbari, na alihubiri vizuri kuliko wanaume wote niliowahi kuwatafsiria. Nililia, na nusu ya machozi yale yalikuwa wivu. Ibada ilipokwisha nilikuwa nimeshaamua. Dada mmoja mwenye daftari la wageni akanishika mkono, mtu mwema kabisa.

"Karibu, mama. Uko na batoto bangapi?"

"Mumoja."

"Iko wapi? Utuletee yeye siku moja!"

Miaka kumi na tisa niliwasemea watu wengine. Nilitazama huku na huku nipate hata mtu mmoja wa kunijibia. Mdogo wangu, wakati ule mtoto wangu anazaliwa, alikuwa shule ya bweni, alisimuliwa tu. Watu wote mle ndani walikuwa wakarimu, na mbele yao ningelazimika kuchagua kati ya kuitwa tasa na kusimulia kifo cha mwanangu kwa kila mwenye daftari.

Nilirudi Bwiza. Msamaha sikuomba. Kipaza sauti wamempa mtu mwingine, na mimi nakaa benchi la Kiswahili, hasira yangu nimekaa nayo. Mdogo wangu bado ananiuliza nafanya nini mule. Mchungaji atahamishwa siku moja, maana wachungaji huhamishwa. Wanawake waliouona uso wa mwanangu wamebaki wawili, na wote wawili wanasali hapa.