Mmea wa Daktari kule Matambarale

Siku yangu ya kwanza kazini nilikemewa hata jasho halijanitoka. Tulikuwa Lionja, mimi na bosi wangu Daktari, mama mmoja, mtaalamu wa mimea wa kwanza kuja kukaa huku kwetu. Nilinyoosha mkono nichume mmea wenye ua, akaniuliza, "Umeona mwingine kama huu?" Sikuwa nimeona. "Basi rudisha mkono. Ukikuta mmoja peke yake, uache."

Nyinyi vijana mnapiga picha kwa simu, mambo yamekwisha. Sisi tulibana: mmea unalazwa kwenye gazeti, unafungwa kwa mikanda kati ya fremu mbili za mbao, na magazeti yanabadilishwa kila siku usije ukaota ukungu. Nimebana mimea Nachingwea na Ruangwa mpaka mgongo ukapinda.

Mmoja tu hatukuubana. Ulikuwa kichakani Matambarale, mfupi, wa maua ya zambarau, na Daktari hakuukuta kwenye kitabu chochote. Kila mvua za kwanza tulikwenda, tukachuchumaa, tukainamisha vichwa kutafuta kama umepata mwenzake. Wapi. Daktari alifariki akisubiri, nami nikastaafu na hofu yake. Kiangazi chote silali vizuri, nawaza mbuzi, moto, jembe la mtu.

Mwaka huu magoti yalinichelewesha. Nilipofika, kichaka hakipo, ni ufuta mtupu. Mama mwenye shamba alikuwa anapalilia, akaniona.

"Shikamoo mzee. Tumelima, ila pale penu hatukugusa."

Akanipeleka katikati ya shamba. Palikuwa na duara la miiba, na ndani umemwagwa unga mweupe, kama tunavyowamwagia wazee wetu tukitambika. Kwenye unga ule ulisimama mmea wetu. Pembeni yake ulikuwepo mwingine, mdogo, wa majani mawili.

"Miaka yote tuliwaona na yule mama," akasema. "Mnainama, hamchukui kitu. Tukajua mmezika. Ni nani wenu?"

Wallahi nilitaka kumweleza. Halafu nikautazama ufuta ulivyotuzunguka.

"Ni bosi wangu," nikasema.

"Basi pumzisha magoti, mzee. Unga tutamwaga sisi."

Nimerudi Nachingwea na bado silali. Sasa naogopa asije akapita mtu akamwambia mama mwenye shamba kuwa ule ni mmea tu. Nyinyi mnaosoma haya, mkifika Matambarale, chuchumaeni, mwinamishe vichwa.