Koki ya Chumba cha Bibi

Usiku ule nililala na hasira. Kesho yake ningeletewa mama mdogo Eliza, mjane wa baba yangu mdogo, nimuuguze miguu. Watoto wake wako mbali, na nyumba ya ukoo huko Makete, kwenye baridi ya kutafuna mifupa, imebaki mikononi mwangu. Mama mdogo ndiye aliyemuua bibi yangu. Hakuna anayelisema hilo isipokuwa mimi.

Nyumba ile ina jiko kubwa la kuni lenye boila. Ukiwasha moto, maji yanachemka, yanapanda bafuni, kisha yanazunguka vyumbani ndani ya mabati ya ukutani ambayo sisi tunayaita rejeta, kama za gari. Kila rejeta ina koki yake; ukiifunga, maji ya moto hayaingii. Kwetu mzee halali mbali na moto. Lakini mama mdogo, alipoanza kupangisha wageni, alimtoa Bibi kwenye kijumba chake cha mafiga, eti moshi unaleta aibu. Akamlaza chumba cha mwisho, akamwambia, "Rejeta nayo ni moto, mama. Inachelewa tu."

Halafu akaifunga koki ya chumba hicho, ili maji ya kuoga ya wageni yawe moto zaidi. Bibi hakuwa anaona. Alikuwa akipapasa lile bati na kungoja, na mimi niliyekuwa mjini akanitania kwenye simu kwamba mashine yetu ni mvivu. Alikufa msimu ule ambao umande huganda kwenye majani ya viazi. Koki niliikuta imefungwa siku ya mazishi.

Basi, ndotoni nilikuwa jikoni, asubuhi, ukungu umeingia ndani hadi kwenye masufuria. Bibi alikuwa ameketi juu ya rundo la kuni, blanketi lake la kahawia mabegani. Macho yake yalikuwa yanaona. Hakunisalimia. Akawa anachochea, gogo baada ya gogo, na mabomba yakaanza kugonga ukutani.

Anainuka, namfuata ukumbini, lakini ukumbi ni shamba la mahindi, na rejeta zimesimama kati ya mistari. Nazigusa ninapopita. Zote ni moto. Ya mwisho ni baridi, na chini yake pana alama za vidole vya Bibi kwenye vumbi. Nalia kwa uchungu. Nikiinua macho, nipo chumbani kwangu, na mama mdogo Eliza amelala kitandani mwangu, uso unang'aa kwa jasho la joto, anakoroma.

Narudi jikoni mbio. Nashika koki kubwa ya juu ya boila. Fundi alituonya sote: maji yakikosa pa kwenda na moto unawaka, boila inapasuka na kuondoka na ukuta. Nataka ipasuke. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Naanza kuizungusha, na mkono wa Bibi unaukamata wangu. Ni wa baridi kiasi kwamba unauma.

"Huyo atakufa mara moja," anasema. "Mimi sikufa mara moja."

Namuuliza nifanye nini basi. Anajifunika blanketi vizuri, taratibu, kama alivyokuwa akifanya kila jioni kabla ya kulala.

"Mpe chumba changu."

Nikaamka. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, nikausugua mpaka damu ikarudi. Niliwasha jiko. Nilitandika kitanda cha chumba cha mwisho kwa shuka safi, nikaweka na mto wa pili wa kuegemeza miguu, asije mtu akasema sikumpokea vizuri. Kisha nikainama nikafunga koki.

Mama mdogo alifika mchana akitetemeka, na akaomba, kwa unyonge ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake, alazwe karibu na jiko. Nilimshika mkono nikampeleka hadi chumba cha mwisho, nikamkalisha kitandani. Akanyoosha kiganja akagusa rejeta.

"Nayo ni moto, mama mdogo," nikamwambia. "Inachelewa tu."

Aliitazama koki kwanza, ndipo akanitazama mimi.