Kisa Hakitumwi Mpaka Mwenyewe Acheke

Fundi cherehani mmoja ana wifi ambaye hupenda kumtazama akiwa kazini. Fundi huyu hufumua mishono kwa mkono wa kulia, huku gumba la kushoto likiandika visa kwenye simu, pini zimejaa mdomoni, anachekea puani. Ni vituko vya nyumbani tu, lakini wenzake wa kundi la mtandaoni, waandishi wa kujifurahisha kama yeye, huvisubiri kwa hamu. Ila hatumi kisa cha mtu kabla mwenyewe hajakisikia akacheka. Asipocheka, anakifuta chote, hata kiwe kitamu vipi.

Leo ni zamu ya mama mkwe, ambaye juzi alilisalimia sanamu la kuonyeshea nguo dukani, kisha akaligombeza kwa kutoitikia. Fundi ametema pini, anasoma akiwa wima, sauti imemshuka. Akamaliza. Mama hakucheka, uso mkavu. Wifi akajua kisa kitamu kuliko vyote kimekwenda na maji.

“Nifute, mama?”

“Umenipunja! Mbona hukusema nililiuliza kama wazazi wake hawajambo?”

Fundi akaketi palepale sakafuni, akaongeza sentensi, akasoma upya.

“Na nikaliambia, shingo ndefu hiyo ndiyo inayokutia kiburi!”

Hapo mama akapasuka kwa kicheko. Wifi alizaliwa na mama huyu, akakulia chini ya ukali wake, na leo ndiyo kwanza anamwona akijicheka mwenyewe, machozi yanamtoka, anadai asomewe tena tangu mwanzo.