Wamucii, mama wa rula anayesoma barua kinyumenyume

Saa mbili asubuhi, Wamucii anaweka rula ya mbao juu ya karatasi na kuanza kusoma barua kutoka mwisho. Neno la mwisho kwanza, kisha la kabla yake, akipanda polepole hadi kwenye salamu. Mteja aliyekaa kwenye benchi anakohoa, anatazama simu yake, anakohoa tena.

"Ngoja, baba. Hii kitu ikishaenda haina breki," anamwambia bila kuinua kichwa.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja ghorofa ya tatu, katikati ya jiji la Nairobi, kati ya fundi wa simu na muuza mawigi. Kwa shilingi hamsini, wafanyabiashara husahihishiwa hapa barua pepe zao za kazi: za kuomba oda, kuulizia bei, kuomba radhi kwa mzigo uliochelewa.

"Huyo mtu wa ofisi hajawahi kukuona. Kile anajua ni barua tu," anasema. "Akipata makosa kwa mistari miwili ya kwanza, anasema hata mzigo utakuja hivyo hivyo."

Mama huyu wa miaka 54, mkazi wa Uthiru, alikuwa karani wa mawakili kwa miaka kumi na tisa hadi ofisi ilipofungwa. Kusoma kinyumenyume alifunzwa chuoni. Jicho likisoma kutoka mbele, anasema, huona kile ulichodhani umeandika.

Kusoma kutoka mbele ni kazi ya mteja. Wamucii huchapisha barua, mteja huisoma mwenyewe, hutia sahihi pembeni, ndipo inatumwa. Zamani alihudumia watu thelathini kwa siku. Siku hizi simu zinawaandikia wenyewe, na akipata watano anashukuru Mungu.

Lakini si simu zinazomkosesha usingizi. Ni Hemed.

Hemed, muuza viungo kutoka Mombasa mwenye duka mtaa wa chini, alikuwa mteja wake kwa miaka minane. Mwezi Machi aliandika kuomba kuuzia hoteli moja ya Kilimani pilipili manga, iliki na mdalasini. Ilikuwa Ijumaa, adhana inakaribia. Ili kuokoa muda, Wamucii alichukua barua ya zamani, ya kwenda hoteli nyingine, akabadilisha juu na katikati.

Alipitisha rula, neno kwa neno. Kila herufi ilikuwa mahali pake. Hemed akacheka, "Ukishasoma wewe Mama Dan, mimi nisome nini tena?" Akatia sahihi, akakimbilia msikitini.

Mstari wa mwisho uliahidi kuihudumia kwa uaminifu ile hoteli nyingine.

Jina lilikuwa limeandikwa sawasawa, kwa hiyo rula ililipita. Ukisoma kinyumenyume unaona maneno, husikii yanachosema. Jibu lilikuja Jumatatu: hawawezi kufanya kazi na mtu asiyejua anamwandikia nani.

Kwa kuitarajia oda hiyo, Hemed alikuwa amemwita mpwa wake, Afnan, aje kumsaidia kufunga pakiti. Ikabidi binti arudi Mombasa.

"Angenitusi ningelala," anasema Wamucii. "Hata hakunigombeza. Aliacha tu kuja."

Wiki iliyopita alisikia hoteli hiyo inatafuta tena wauzaji. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa hii, saa kumi na moja jioni. Akaandika barua mpya kuanzia ukurasa mtupu, bila malipo, akashuka nayo dukani. Hemed alikuwa peke yake, anapepeta iliki.

"Sina kinyongo nawe, Mama Dan," alimwambia. "Lakini barua, basi. Nimechoka kuaibika."

"Nisikize tu. Nitaisoma kutoka mwanzo."

Akamsomea kwa sauti, amesimama, mbele ya magunia. Hemed hakusimamisha ungo wake hadi Wamucii alipofika kwenye jina la hoteli mwishoni. Hapo akamwomba alirudie. Wamucii akalirudia.

Hakutia sahihi. Aliichukua karatasi, akaiweka chini ya jiwe la mizani, akasema ataona.

Hiyo ilikuwa Jumanne ya wiki hii. Leo ni Alhamisi na hajaonekana. Dan, mwanawe, amemwambia aitume tu na mambo yaishe, kwani nakala anayo kwenye kompyuta. Wamucii amekataa katakata. Bila sahihi si barua ya Hemed, ni yake yeye.

Mpango wake wa kesho ni mmoja. Hatatoka hata kwa chakula cha mchana, na kompyuta itabaki imewashwa hadi saa kumi na moja.

"Akipanda hizo ngazi nitamwambia akae, asome yeye," anasema, akiifungia rula ndani ya droo. "Mimi nitasikiliza."