Vikapu Viwili vya Nyirabahizi

Mama mkwe wangu Febronia ana wivu. Nalisema mapema ili nikifika mbele msidhani namsengenya. Mabawe nzima inajua, na yeye mwenyewe ukimwambia hakatai, ila atakuuliza kama wewe ulizaliwa malaika.

Wivu wenyewe hauna makuu. Jirani akinunua trekta, mama atakwenda kumpa hongera na kula wali wake bila kinyongo. Mtu wake ni mmoja tu: mdogo wake Rozina, aliyeolewa Nyakisasa. Rozina alipoezeka jiko kwa bati, moshi wa jiko letu la nyasi ukaanza kumuumiza mama macho, macho yaleyale yaliyouvumilia tangu usichana. Rozina alipofunga taa za sola, mume wangu Rogasian hakupata amani mpaka na sisi tukafunga, tena mama akataka na ya nje, inayoonekana kutoka barabarani. Nani wa Nyakisasa angeiona? Nilikuwa bado mgeni katika mji ule, nikamshikia Rogasian ngazi.

Chanzo cha yote ni kikapu. Mimi ni Nshoma, Msukuma wa Runazi. Wazazi wangu walihamia huko na mifugo yao kutoka Shinyanga. Kwetu binti akiolewa, mazungumzo ni ng'ombe. Nilipoolewa kwa Wahangaza nikakuta wanazungumzia igiseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, ambacho mama wa bibi harusi humsukia binti yake kwa mikono yake mwenyewe. Hukijaza ulezi, na binti huondoka nacho. Mama yao Febronia na Rozina, marehemu bibi Nyirabahizi, alikuwa msusi hasa. Watu walivuka mto kuja kumwomba awasukie. Alisuka vikapu vingi, vikatawanyika visijulikane viko wapi. Vinavyojulikana ni viwili, vya binti zake.

Febronia aliolewa kwanza, mwaka wa njaa. Kikapu chake ni kidogo, cheupe kitupu, hakina ua hata moja. Rozina aliolewa baadaye, watu wakiwa wameshiba. Chake ni kirefu, kimezungushwa michoro myeusi kutoka kitakoni hadi ncha ya kifuniko, na haioni mtu ila atauliza nani amesuka. "Mimi mama alinimalizia haraka," Febronia husema, "Rozina ndiye alisukiwa." Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko sala ya asubuhi.

Sasa niwaeleze habari za makumbusho yetu, maana huko ndiko wivu ulikopata kazi. Jengo lilikuwa ghala la kahawa. Kahawa ilipoanza kupita njia nyingine, padri mmoja aliyependa vitu vya kale aliliomba, akalipaka chokaa, akakusanya ngoma, mikuki, vyungu, vibuyu vya maziwa na vikapu, akavipanga juu ya meza ndefu. Watu walileta vitu vyao kwa moyo mweupe. Tatizo ni kwamba kila aliyeleta alijua amepata stoo ya bure. Harusi ikikaribia, mwenye ngoma alikwenda kwa Danstan, kijana aliyeajiriwa kulinda, akaichukua ngoma yake. Mwingine alifuata chungu cha bibi yake kwa sababu cha nyumbani kimepasuka. Danstan aliwafungulia. Angewanyimaje vitu vyao?

Padri alipohamishwa, meza ilikuwa na nafasi nyingi kuliko vitu. Kisha wakaja wakimbizi, ghala likatakiwa kwa blanketi na unga, vilivyobaki vikasukumwa pembeni. Mchwa wakaanza na mikuki, wakamalizia na meza. Blanketi zilipoondoka, wakahamia popo. Kwa miaka mingi makumbusho yetu yalikuwa kufuli na harufu, na watoto walikatazwa hata kucheza karibu.

Mwaka juzi wasusi na wafinyanzi wa kata walijiunga wakamwalika Agness Mihayo, binti aliyesomea ubunifu Dar es Salaam. Nilimpenda siku ya kwanza, kwa sababu alifunga kitambaa kichwani akaingia mwenyewe kuwafukuza popo. Alitoboa madirisha mapana. Akaweka mabenchi ndani ili wasusi wafanyie kazi humohumo, watu wakiangalia, maana alisema nyumba ya kuhifadhi sanaa isiyotengeneza kitu itaoza tena. Jina nalo likabadilika, pakaitwa Nyumba ya Sanaa na Ubunifu.

Agness alikuwa na swali moja kwa kila kitu alichoshika: nani alikitengeneza? Padri alikuwa ameandika tu "Kikapu, Wahangaza", kana kwamba Wahangaza wote walikaa chini wakakisuka kwa pamoja. Yeye akataka jina la mtu. Akaweka na masharti, na Danstan, ambaye sasa ni mzee na bado ndiye mlinzi, aliyashangilia kuliko wote. Kila mtengenezaji atawakilishwa na kitu kimoja, basi. Na kilichotolewa kimetolewa moja kwa moja: hakirudi nyumbani, iwe harusi, iwe msiba.

Haikupita muda Agness akasikia habari za Nyirabahizi. Akasema kikapu cha bibi huyo kitakaa katikati, juu ya kigoda mbele ya mlango, kiwe cha kwanza kuonekana na kila anayeingia. Ila kiwe kimoja. Akatuma ujumbe kwa dada wote wawili.

Mama alikonda. Chakula nilichopika kilikuwa na chumvi nyingi, kisha kikawa hakina chumvi. Alijiona tayari akiingia mle ndani, kanga mpya mabegani, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni kikapu cha Rozina kimekaa katikati kama askofu, na chini yake jina la mama yake. Aliniambia hivyo mwenyewe tukipepeta maharage. "Nitakufa, Nshoma," akasema. "Nitakufa palepale mlangoni, mnizikie hapo."

Hakufa. Alichukua mkungu wa ndizi, akanibebesha, tukaenda kwa Agness. Alikaa kwenye benchi la wasusi, akaweka kikapu chake kwenye magoti.

"Mwanangu," akaanza, kwa sauti ya upole ambayo mimi sijawahi kupewa, "kile cha Rozina kimerara kabatini tangu aolewe. Amekifunga nailoni. Hakijabeba hata punje."

"Lakini nasikia kina michoro mizuri sana, mama."

"Michoro ni ya macho. Harafu tazama hiki. Hapa chini kilitoboka, nikakiziba mwenyewe. Hapa palishika moto mwanangu wa kwanza alipoanza kutambaa, akakivuta hadi jikoni. Huu weusi ni moshi. Mbegu za nyumba yangu zote zimepita humu. Watoto wangu wamekula kutoka humu."

Agness alikipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye kiraka, akanusa kifuniko. Nilimwona macho yake, nikajua tumeshinda. Njiani nikajipa ujasiri.

"Mama, kikichaguliwa kinabaki kule."

"Kitabaki katikati," akasema.

"Na sisi mbegu tutaweka wapi?"

"Wewe Msukuma, una maneno mengi. Ndoo zimejaa dukani."

Siku ya ufunguzi dada wote wawili waliitwa na vikapu vyao. Mama alikibeba chake kikiwa kimejaa ulezi wa mbegu, ili kila mtu aone kwamba ni kikapu cha kazi. Rozina alikuja na mumewe Audax, kikapu mkononi. Lazima niseme ukweli hata kama ninaishi kwa Febronia: sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Ile michoro ilikuwa inakimbia ukiitazama. Watu walijisogeza.

"Shikamoo, dada," Rozina akasema.

"Marahaba. Nailoni umeiacha wapi?"

Rozina akacheka tu. Yeye ana kicheko cha namna hiyo, kinachomfanya mwenzake aonekane mkorofi. Mimi mwenyewe kiliniudhi.

Agness alivipanga vikapu vyote viwili juu ya benchi, akasimama akaeleza. Akasema vikapu vyote viwili vinastahili, na usiku na mchana amewaza. Akasema nyumba hii haitaki tena kuwa kabati la vitu visivyoguswa, inataka vitu vilivyoishi na watu, na kwa hiyo amechagua kile cha mama Febronia. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mama alisimama wima, kidevu juu. Nilimfurahia, kweli. Umri wote ule alikuwa amesubiri mtu mmoja aviweke vile vikapu pamoja mbele za watu, kisha anyooshe kidole kwenye cha kwake.

Kisha Agness, kwa adabu zote, akachukua kikapu cha Rozina kwa mikono miwili, akamrudishia.

Kikiwa kitupu.

Makofi yakafifia. Hapa kwetu chombo cha mtu hakirudi mikononi mwake kitupu. Ukiletewa kunde kwenye bakuli, bakuli linarudi na japo viazi viwili. Chombo kitupu hurudishiwa mtu mliyegombana naye, asikanyage tena kwako. Agness hakujua, na mimi simlaumu. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimrudishia jirani chungu chake kimeoshwa kinang'aa, akakaa bila kunisalimia mpaka mavuno. Rozina alikishika kikapu chake mbele ya tumbo, kifuniko kikiwa wazi, na kile kicheko kikamtoka usoni. Audax akatazama chini. Wazee wakaanza kukohoa.

Mzee Danstan, ambaye hasomi hali ya hewa, akamgeukia mama. "Mama Rogasian, huo ulezi tuutoe. Utatuletea panya humu."

Mama akatazama huku na huku. Angeweza kuumimina kwenye kanga yake. Nilikuwa karibu, nikaanza kuvua yangu nimpe. Hakuichukua. Alimtazama mdogo wake aliyesimama na chombo kitupu mbele ya watu wote, na niliona jinsi alivyokasirika, sijui kwa niaba ya nani. Akakichukua kikapu chake benchini, akamwendea, akakiinamisha, akamimina ulezi wote ndani ya kile chenye michoro, taratibu, mpaka punje ya mwisho. Akakipigapiga kitako.

"Usirudi mikono mitupu," akasema kwa ukali. "Watu watasema huna kwenu."

Rozina alitia mkono kwenye ulezi. Aliuacha mkono humo.

"Dada, nilikuwa nakuonea wivu," akasema.

"Wewe?"

"Mwaka ule unaolewa, ulezi uliokuwa ndani ya nyumba ulikuwa huo tu. Mama aliukomba wote akautia kwenye kikapu chako. Tulibaki tunachemsha majani, mimi nalia, yeye ananiambia dada yako haendi kwa watu na kikapu kitupu. Alikisuka kidogo ili ulezi ukijaze, kionekane kimefurika." Akafunika kikapu chake. "Changu alipokimaliza nikamwuliza mbona mimi michoro yote hii. Akasema, Febronia nilimpa chakula, wewe sina cha kukupa kinachofanana na kile. Ndiyo maana sikuweka kitu humu. Ningeweka nini?"

Nilimwona mama akigeuza shingo kutazama kigoda, ambako Agness alikuwa tayari anakiweka sawa kikapu cheupe, akikizungusha ili kiraka kielekee mlangoni. Wageni wakaanza kupanga mstari kupita mbele yake. Rozina akakiinua kikapu chake kichwani, kikiwa kizito sasa, akashika njia ya kwao na mumewe. Alitembea vizuri sana.

Nyumbani mama aliketi uani bila kuvua kanga mpya. Nilimletea chai ikapoa. Nilidhani atalia, au atamsema Rozina kama kawaida, lakini alichoniuliza ni kama tunaweza kuwaomba wabadilishe, cha Rozina kikae pale na chake kirudi. Nikamwambia masharti anayajua, tena aliyapigia makofi. Akasema anayajua.

Wiki iliyofuata alitaka kwenda kukiona. Tulimkuta mzee Danstan amezungusha kamba kuzunguka kigoda, kwa sababu wageni walikuwa wengi na kila mmoja alitaka kupapasa kiraka. Wasusi kwenye mabenchi walimsalimia mama kwa heshima mpya. Mmoja alikuwa anajifunza kusuka kikapu kama kile, cheupe, bila ua. Mama akapita katikati yao hadi kwenye kamba, akanyoosha mkono.

"Mama Rogasian," Danstan akasema kwa upole, "kushika hapana."

"Ni cha mama yangu."

"Najua. Tumeandika hapo chini."

Mama akainama akasoma, midomo ikitembea, jina la Nyirabahizi na la kwake. Akasoma tena. Kisha akaketi mwisho wa benchi, mikono imelala mapajani, akikitazama kikapu chake katikati ya nyumba kama alivyotaka. Nikakaa kando yake.

"Saa hizi," akaniambia, "Rozina anakishika chake."